Bastola ya Mamilioni, Mkono wa Shilingi Mia: Yule Staa wa Nairobi Alistahili Kutolewa

Klipu mmeiona. Kama hujaiona, basi wiki hii hukuwa na bando. Ni ile ya staa mmoja wa Nairobi, jina linabaki kapuni, ila kwa ile cheni na ile gari nyeupe kila mtu ashamjua. Yuko kwenye kiwanja cha shabaha, miwani ya njano usoni, vizibo vya masikio vikubwa kama vya dijei, bastola imechongwa-chongwa mpaka inafanana na kitu cha kwenye muvi za anga za juu. Pa-pa-pa-pa! Anakimbia kutoka kulia kwenda kushoto huku anabadilisha magazini, mara sauti ya refa inakata: simama! Kimya. Anaamriwa atoe risasi, aoneshe bastola iko tupu, airudishe kiunoni. Halafu anaambiwa mashindano yake yameishia hapo. Sio ile raundi tu. Siku nzima.

Komenti zikalipuka. "Wamejam tu juu ako na doh." "Wivu tu huo, mtoto wa watu alikuwa anawapiga kwa mbali." "Huyo ref ni hater." Upande wa pili nao wakaja na vicheko vyao: pesa hainunui shabaha, rudi studio, bastola nzuri mpiga kituko. Kambi zote mbili zina makosa, ila ya kwanza imepotea zaidi, na inafaa irudishwe njiani kabla mtoto wa mtu hajaamini kwamba kugeuza mtutu kuelekea kwa watu ni swaga.

Kwanza mchezo wenyewe. Ule sio ule wa Olimpiki wa kusimama mkono mmoja mfukoni, unalenga kitundu dakika nzima. Huu unaitwa shabaha ya vitendo, na shirikisho lake la kimataifa ni IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, Marekani, rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu, kasi. Mtu anapangiwa steji: kuta za mbao, milango, madirisha, kadibodi za kaki zimetegwa huku na kule, vibao vya chuma vinavyotakiwa kuanguka, na katikati yake kadibodi nyeupe ambazo ni marufuku kuzigusa kwa risasi. Taima inalia, unaanza. Njia ya kuimaliza steji unaitafuta mwenyewe. Afrika sio wageni kwenye mchezo huu. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya bastola yalifanyika Afrika Kusini, na Kenya nako wapo wanaoucheza kwa leseni, tena kimya kimya, bila kupiga kelele mtandaoni.

Sasa hoja ya mashabiki namba moja: "alikuwa na kasi kuliko wote." Staa mwenyewe kwenye steji ya kwanza aliposti muda wake, sekunde 15 kamili, na emoji za moto kama zote. Chini yake mtu akauliza, yule dada wa nyuma alipata ngapi? Jibu likaja: 20. Basi wakamaliza mjadala hapo, staa kashinda kwa sekunde tano.

Hapana jamani. Kwenye mchezo huu muda peke yake hauna maana yoyote. Alama zako zinagawanywa kwa sekunde zako, na jibu ndilo linaloitwa hiti fakta. Kadibodi ina maeneo matatu. Ukipiga A unapata 5. Ukipiga C unapata 4 kama unatumia risasi za nguvu kubwa, au 3 kama ni za nguvu ndogo. D ni 2 au 1. Risasi unayotakiwa kupiga ukaikosa inakukata 10, na ukigusa kadibodi nyeupe unakatwa 10 nyingine.

Matokeo yake ya steji ile hajaposti, na hilo nalo linasema kitu, kwa hiyo chukua mfano tu. Steji ya risasi 24. Mtu wa kwanza anatumia risasi za nguvu kubwa, anapiga A 14, C 5, D 2, anakosa 3, na moja ya zile alizokosa inatoboa kadibodi nyeupe njiani. Hesabu: 70 na 20 na 4 ni 94. Toa 30 za kukosa, toa 10 za kadibodi nyeupe. Anabaki na 54. Gawa kwa sekunde 15, ni 3.6. Mtu wa pili anatumia risasi za nguvu ndogo, A 20 na C 4. Hiyo ni 112. Gawa kwa sekunde zake 20, ni 5.6. Nani kaachwa mbali? Na huyo wa pili kila C ilimlipa pungufu.

Ndiyo maana ukikaa na watu wanaoujua huu mchezo hawakuulizi umetumia sekunde ngapi. Wanauliza A ngapi.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo kambi ya pili nayo ilipoteleza. Waliosema vifaa havina maana yoyote hawajawahi kuushika mchezo. Vina maana kubwa sana. Ile bastola ya staa ni ya divisheni ya Open, ambako karibu kila kitu ruksa: juu kuna kioo chenye nukta nyekundu, unaweka nukta kwenye shabaha basi, huhitaji kulinganisha gutu la mbele na la nyuma. Mdomoni mwa mtutu kuna kipande chenye matundu yanayorusha gesi juu ili bastola isipige teke kwenda juu. Magazini ni ndefu, kanuni inaruhusu mpaka milimita 170, inabeba risasi karibu 30. Kwa Marekani mashine kama hiyo inauzwa dola elfu kadhaa. Weka na kodi, usafiri, mizunguko ya vibali, utaelewa kwa nini watu wanaita ya mamilioni.

Na ukweli usemwe, kuna wakati vifaa vilitaka kuuharibu mchezo. Ilianza na vipande vya kupunguza teke, halafu kuanzia mwaka 1990 hivi nukta nyekundu zikaingia kwenye mashindano makubwa, na ghafla mwenye bastola ya kawaida akawa kama mtu aliyeleta baiskeli kwenye mbio za pikipiki. Wengine walikasirika mpaka wakaondoka. Mwaka 1996 Marekani kukaanzishwa IDPA, mchezo wa jirani, ambako bastola inabebwa imefichwa chini ya nguo na vifaa vinabanwa visifanane na vya mbio. Nao unachezwa mpaka Kenya. IPSC yenyewe ikajibu kwa divisheni. Ipo Standard, ambako bastola pamoja na magazini yake lazima iingie kwenye kiboksi cha milimita 225 kwa 150 kwa 45. Ipo Production ya bastola za kawaida za dukani, magazini isijazwe zaidi ya risasi 15. Ipo ya wenye nukta nyekundu kwenye bastola za kawaida, ipo Classic ya wapenzi wa zile za kizamani, ipo Revolver. Ukikutwa bastola yako haitimizi masharti ya divisheni uliyojiandikisha, unahamishiwa Open, ukapambane na wenye mashine kama ya staa.

Kwa hiyo kusema "alikuwa na bastola nzuri kuliko ya yule dada" ni kama kusema mcheza boksi wa uzito wa juu ni mnene kuliko wa uzito wa chini. Ndiyo, na ndiyo maana hawapandi ulingo mmoja. Staa alikuwa Open, dada alikuwa Production. Ubingwa wao ni tofauti. Aliyewalinganisha ni mtandao.

Hata risasi hazidanganyi. Watu wanadhani ukisema "mimi ni nguvu kubwa" inatosha. Kwenye mashindano makubwa risasi zako zinachukuliwa, zinapimwa kasi kwa mashine na uzito kwa mzani. Uzito kwa greni zidisha kasi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa elfu moja. Open wanataka 160 kwenda juu ili uhesabiwe nguvu kubwa. Standard wanataka 170. Nguvu ndogo ni kuanzia 125. Risasi ya 9mm ya greni 124 ikienda futi 1,300 inatoa 161, umepita Open kwa kubahatisha. Ikienda futi 1,050 ni 130, wewe ni nguvu ndogo hata ukivaa cheni tatu. Ukishuka chini ya 125 unaruhusiwa kupiga, ila alama hupewi. Unajifurahisha tu.

Sasa irudieni ile klipu, safari hii mfunge komenti na mfungue masikio. Hesabuni milio. Mpaka anaanza kukimbilia kushoto, staa ashapiga 27. Steji yenyewe ilikuwa ya risasi 24, na upande wa kushoto alikuwa bado ana shabaha nne za kadibodi zinazomsubiri, mbili mbili, yaani nane. Kwa hiyo upande wa kulia palihitaji 16 tu. Alizopiga ni 27. Kumi na moja za ziada zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye udongo nyuma ya vile vibao vya chuma. Unamwona kabisa, kibao cha tatu kimesimama pale kinamcheka, yeye anamwaga tu, pa, pa, pa, kama anamwagilia bustani.

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mwenye magazini ya risasi karibu 30 kwenye steji ya 24 hana haja ya kubadilisha magazini hata kidogo. Hiyo ndiyo faida aliyoilipia! Yule dada wa Production, mwenye 15 zake, alilazimika kubadilisha, na alishapanga mapema abadilishe wapi. Maana kabla ya kuanza, washindani wanaruhusiwa kuikagua steji kwa miguu, mikono mitupu. Muangalieni kwenye klipu ya pili ile iliyopostiwa na rafiki yake staa, yuko pembeni kabisa: anatembea hatua zake, ananyoosha vidole kama bastola, anarudi nyuma, anahesabu tena. Wakati huo staa yuko wapi? Anapiga selfi na ukuta wa mbao.

Kwa hiyo staa akajikuta magazini imeisha mahali ambapo hakupanga, katikati ya mbio, akielekea kushoto. Na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia hakuna mahali pabaya pa kubadilishia magazini kama hapo. Jaribu mwenyewe ukiwa umeshika rimoti. Simama ukitazama tivii, sasa kimbia kuelekea kushoto huku unaivuta rimoti karibu na kifua kana kwamba unaibadilisha betri. Rimoti inatazama wapi? Haitazami tivii tena. Inatazama kushoto, halafu nyuma, kule ilipo sofa na watu wote waliokaa.

Kwenye kanuni, mdomo wa mtutu hauruhusiwi kupita nyuzi 90 kutoka ukuta wa udongo ulio mbele yako, upande wowote. Ukipita, umetoka. Hakuna onyo la kwanza. Hakuna "samahani refa, nilikuwa na presha." Ukiangusha bastola ikiwa na risasi au hata tupu wakati wa steji, umetoka. Kidole kikiwa ndani ya triga wakati unakimbia au unabadilisha magazini, kanuni ni ileile. Ukifyatua bila kukusudia, kwaheri. Hata ukiichomoa tu bastola kuwaonesha washkaji nje ya eneo maalumu, bila hata ya amri ya afisa, unafungasha. Na alama za steji zote ulizozicheza kabla hazihesabiwi tena. Wanaodai refa "angemkata pointi tu" wanachanganya na makosa mengine, kama kukanyaga nje ya mstari, ambako kweli unakatwa 10 maisha yanaendelea. Hili sio la pointi. Nyuma ya mstari ule kuna mtunza taima, kuna mwandishi wa alama, kuna wenzake wanaosubiri zamu, na siku hiyo alikuwepo mpiga picha wake mwenyewe, kijana wa watu, amechuchumaa upande wa kushoto anatafuta engo nzuri. Rudisheni klipu sekunde ya mwisho kabla ya "simama." Kamera inayochukua ile picha ndiyo inayotazamana na tundu la mtutu.

Hiyo ndiyo sababu klipu ni kali hivyo. Mlipenda engo. Hakuna aliyejiuliza engo hiyo ilipatikanaje.

Kuna hoja moja ya mashabiki yenye uzito kidogo, nayo ni kwamba refa ni binadamu, anaweza kuona vibaya. Ni kweli, na njia ya kukata rufaa ipo, unalipia, ukishinda unarudishiwa hela yako. Ila kutaka klipu za simu ziamue ni jambo jingine. Kwa miaka mingi kanuni za IPSC zilikataa kabisa kurekodi kwa sauti au video kutumika kama ushahidi kwenye rufaa, na ukifikiria ina mantiki: kamera ikisogea hatua mbili, nyuzi 85 zinaonekana 100, na 100 zinaonekana 85. Refa yuko hatua moja nyuma ya mshindani, jicho lake liko kwenye bastola tu, wala hatazami shabaha. Kwenye kesi hii, hata hivyo, video haimwokoi staa. Inammaliza.

Halafu lile vazi. Suruali ya kombati, fulana ya mabaka. Siku ile inaonekana alivalishwa koti la mtu juu yake kabla ya kuanza, na mashabiki wakauliza kwa nini "wanamficha." Ni kanuni: mavazi ya mabaka ya kijeshi hayapendekezwi kwa mshindani ambaye si askari. Mchezo wenyewe hautaki kufanana na vita, hata ile kadibodi ya shabaha haina kichwa. Na huku Afrika Mashariki mtu mzima anayevaa mabaka kutokea anajua anachotafuta.

Kuhusu kipaji, hapa wengi watakataa, lakini staa anacho. Kuchomoa kwake ni safi. Mtu aliyeanza juzi hachomoi vile. Shida ni kwamba amejifunza sehemu inayopendeza kwenye simu. Ufundi wa mchezo huu upo kwenye mambo yasiyoonekana: kuijua risasi imekwenda wapi pale pale inapotoka, kwa kuona nukta au gutu lilivyonyanyuka, bila kusubiri kuangalia tundu. Wanaojua wanaita kuisoma risasi. Asiyeisoma anabaki kumwaga kwenye kibao cha chuma kwa matumaini. Anayeisoma anajua moja imekwenda chini kushoto, anarekebisha, anaondoka. Hilo halinunuliwi, na wala halihitaji risasi nyingi. Mazoezi mengi ya mabingwa yanafanyika nyumbani, bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine, wanachomoa na kubadilisha magazini mbele ya ukuta mamia ya mara. Hakuna mlio. Hakuna wa kurekodi. Ni kazi ya kuchosha kuliko kukunja nguo.

Mwaka 1999 Mmarekani Jerry Miculek alichukua revolva, ile ya gurudumu mnayoiona kwenye muvi za kauboi, akapiga risasi sita, akabadilisha, akapiga sita nyingine. Sekunde 2.99. Zote kumi na mbili. Hakuna magazini ya risasi 30 pale.

Staa ameahidi kurudi "na mashine kali zaidi." Sawa, hela ni zake. Lakini ile aliyonayo ilishampa kila kitu: nukta, gesi, risasi karibu 30. Bastola haikumgeuza kushoto. Akitaka kurudi, aanze kwa kumtafuta yule kijana mpiga picha, ambaye mpaka sasa hakuna aliyemsikia akiombwa samahani, na ambaye akaunti yake ilifutiwa tagi kwenye posti juzi usiku.

Yule dada naye hajaposti chochote. Steji ile ile ya pili aliimaliza: vibao vya chuma sita kwa risasi sita, akabadilisha magazini kabla ya kuanza kukimbia, miguu imesimama, mtutu unatazama udongo, ndipo akaenda kushoto. Ipo kwenye klipu dakika ya pili, nyuma ya bega la staa. Itafuteni, halafu mje kwenye komenti mseme nani alikuwa na kasi.